Bloku Ya Vipande Viwili: Miezi Saba Na Injini Ya Beetle Ya 1968

Taa ya oili, ile inayoonya presha ya oili imeshuka, ndo ilikuwa ya kwanza kuniambia. Ukiwa barabarani imezima vizuri kabisa, ila ukisimama na injini imeshapata moto ikarudi sailensi, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, inaanza kukonyeza, kidogo tu, halafu inatulia. Nikabadilisha oili, ikaendelea. Nikabadilisha swichi yenyewe maana kuna wakati swichi ndo mbovu na injini haina shida, ikaendelea. Wiki chache mbele ikaanza kumisi silinda moja, na ule mlio wa Volkswagen Beetle ambao mtu anautambua hata akiwa ndani hajaiona gari, ukawa unachechemea.

Gari hii ilikuwa ya marehemu baba, ya 1968, injini 1500, na mimi nimekaa kiti chake cha nyuma tangu miguu yangu haijafika chini, injini inaunguruma mgongoni kwangu nalala. Kuiuza sikutaka. Kumpa mtu aifungue halafu aje aniambie tu "tumebadilisha hiki na kile" bila mimi kuona kilichokuwa ndani, hilo nalo sikulitaka. Nikaamua naishusha mwenyewe, nyumbani.

Na kama kuna injini ambayo mtu anaweza kuifanyia ovaholi nyumbani basi ni hii. Ilichorwa miaka ya 1930 na Franz Reimspiess, kwenye timu ya Ferdinand Porsche, silinda nne zimelala mbili huku mbili kule, haina maji, haina rejeta ya maji, hewa ya feni ndo inaipoza. Ilianza na cc 985 tu, ikaja 1131, 1192, 1285, 1493 ambayo ndo hii yangu watu wanaiita 1500, hadi 1584. Zimetoka Beetle zaidi ya milioni 21, ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003, kwa hiyo spea bado zinatengenezwa hadi leo, na kila kosa ambalo mtu anaweza kufanya kwenye hii injini kuna mwenzake alishalifanya na akalielezea.

Kushusha injini ni kazi ya nusu siku. Unatoa betri, unabana mpira wa petroli usimwage, unachomoa nyaya na kebo ya aksileta na kebo za hita, halafu inabaki imeshikiliwa kwenye giaboksi na vitu vinne tu, spana namba 17, viwili chini, viwili juu ambavyo unavifikia kwa kupitisha mkono nyuma ya kava la feni bila kuona chochote. Injini inazidi kilo 100, inakalia jeki ya magurudumu, unaivuta nyuma taratibu. Hapo usikubali uzito wake uning'inie kwenye shafti ya giaboksi hata sekunde moja, na gari lazima ikae kwenye stendi imara, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Hili nalisema kwa uzito wote, hakuna injini ya thamani hiyo.

Sasa kabla sijaishusha nilikuwa nimepima kompreshani, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda tatu zilikuwa karibu na bari 8, namba 3 ilikuwa 4 na nusu. Na hapo kuna kitu nilikuwa nimekiona miezi mingi bila kukielewa. Kila nikirekebisha nafasi ya valvu, ule upenyo mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma, ambayo naiweka 0.15 mm injini ikiwa baridi kabisa, zote nazikuta zilivyo au zimeongezeka kidogo, isipokuwa valvu ya egzosi ya namba 3, hiyo kila mara nafasi imepungua. Nikawa nairudisha tu naendelea na safari. Nafasi ikipungua maana yake ama valvu inazama kwenye kiti chake ama shingo ya valvu inavutika, chuma kinarefuka kwa joto, na valvu iliyoanza kuvutika mwisho wake ni kukatika kichwa, kichwa kikadondokea juu ya pistoni injini ikiwa kwenye mwendo. Nilipotoa silinda hedi ya upande wa kushoto nikaishika ile valvu mkononi, ukiiangalia pembeni ya mwenzake wa namba 4 unaona kabisa shingo imekonda chini ya kichwa, imekuwa kama kiuno cha nyigu. Nimeendesha hiyo gari na wanangu wamo ndani.

Kwa nini namba 3? Kwenye injini za miaka ile rejeta ndogo ya oili imesimama ndani ya kava la feni, juu kabisa ya silinda namba 3, kwa hiyo hewa inayoifikia namba 3 imeshapita kwanza kwenye oili ya moto. Kiwanda chenyewe kilikuja kuihamisha ile rejeta nje ya njia ya hewa kwenye modeli za 1971. Lakini yangu ilikuwa na sababu ya ziada. Kuna fundi mmoja zamani, simtaji, aliwahi kuifungua hii injini na alipoirudisha aliacha mabati. Beetle ina mabati meusi yanayozunguka silinda zote na mengine yanayoziba kati ya injini na bodi, na raba inayopita pembeni pote. Watu wanayaona ni kelele tu, uzito wa bure, kumbe yale mabati ndo yanaiongoza hewa, na ile raba ndo inazuia joto la egzosi lisipande juu likavutwa tena na feni. Yangu yalikuwa hayapo mawili ya chini, na raba ilikuwa imebaki vipande. Injini ilikuwa inapumua joto lake yenyewe miaka yote hiyo.

Kwa hiyo valvu nilishaielewa. Bado taa ya oili.

Bloku ya hii injini siyo kipande kimoja kama injini nyingine. Ni nusu mbili za aloi ya magnesiamu, zinakutana katikati kama maganda ya njugu, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu) ziko ndani, na katikati ya hizo nusu mbili hakuna gasketi, ni chuma kwa chuma na silikoni nyembamba tu. Magnesiamu ni nyepesi sana lakini ni laini, na ikipata moto inatanuka kuliko chuma cha krenki, kwa hiyo nafasi ya oili kwenye metali, zile beringi laini ambamo krenki inazungukia, inaongezeka ukiwa na joto na presha inashuka. Ndo maana taa inazima asubuhi inakonyeza mchana. (Na vumbi la magnesiamu linashika moto vibaya mno, ukiikwangua au kuisaga usiwe karibu na cheche yoyote.)

Niliigawa usiku, mdogo wangu kashika taa. Tukatoa krenki, tukafuta vile vikalio vinne vya metali kwa kitambaa, vya namba 1, 3 na 4 vikawa na rangi moja ya kijivu, tulivu. Cha namba 2, cha katikati, kilikuwa kinang'aa. Ukipitisha ukucha ukingoni unakwama kwenye kingo ndogo, metali imekuwa inagongagonga humo hadi imejichimbia. Krenki za Beetle kama yangu hazina zile uzito za kusawazisha, na katikati ndo inapopindapinda kila ukipiga resi, kwa hiyo kikalio cha katikati ndo kinachapwa kuliko vyote. Oili inayopigwa na pampu ilikuwa inatorokea hapo, nyuma ya metali, kabla haijafika inakotakiwa.

Nikachukua bloku na krenki nikampelekea mzee mmoja mkerezaji. Nilimsalimia, akaitikia bila kuinua macho maana alikuwa na kazi kwenye mashine, alipomaliza akaja akaweka kidole kwenye kile kikalio, kidole kitupu, hata hajachukua kifaa.

"Hapa pamekufa," akasema. "Ulitaka uweke metali mpya tu uifunge?"

"Ndo nilivyokuwa nafikiria mwanzo mzee, kabla sijaifungua."

"Ungekaa nayo miezi mitatu. Metali mpya kwenye kikalio kilichopanuka ni sawa na kiatu kikubwa. Kinacheza."

Akapima kila kitu mbele yangu, anasoma maikromita mimi naandika. Shingo kubwa za krenki ambazo kwa mpya ni karibu milimita 55, mbili zilikuwa zimeanza kuwa yai, siyo duara tena. Uamuzi ukawa krenki ikerezwe ishuke 0.25 mm, na bloku ichongwe vikalio vyote kwa pamoja kwenye mstari mmoja, vipanuke 0.50 mm. Maana yake metali nitakazonunua lazima ziwe na namba mbili, nje kubwa kwa 0.50, ndani ndogo kwa 0.25. Ukikosea moja tu injini haifungiki au inakufa. Zilipofika boksi liliandikwa namba zote mbili sawasawa, lakini mzee alikuwa ameniambia nisiamini boksi, nikapima, ndani zilikuwa saizi ya kawaida. Nikarudisha, nikasubiri tena. Kwa kweli nusu ya ile miezi saba ilikuwa ni kusubiri, na ukiona mtu anakwambia amefanya ovaholi ya kweli kwa wikiendi moja muulize alipima nini.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonifundisha zaidi.

Kila metali ya krenki ina tundu dogo, na kwenye bloku kuna pini ndogo inayochomoza, kama kichwa cha kiberiti, inayoingia kwenye lile tundu ili metali isizunguke. Metali ya namba 2 ni nusu mbili, hiyo unaiona ikikaa. Lakini namba 1, 3 na 4 ni pete nzima, zinavaliwa kwenye krenki kwanza, halafu krenki yote na konirodi zake nne (fimbo zinazoishikanisha na pistoni) unaibeba unaiteremsha kwenye nusu ya kushoto ya bloku, na wakati huo matundu yote yameelekea chini, huyaoni. Unazungusha pete kidogo kidogo hadi uisikie inaingia. Nilizisikia zote, au niliamini nimezisikia. Nikaweka kamshafti, nikalinganisha ile alama ya sifuri kwenye gia yake iingie katikati ya vidoti viwili vya gia ya krenki, nikapaka grisi tapeti za nusu ya pili (zile zinazosukumwa na kamshafti) zisidondoke, nikapaka silikoni, tukafunika.

Unakaza kwa hatua, na kila hatua unazungusha krenki kwa mkono. Kuna nati ndogo moja karibu na kikalio namba 1 inaanza yenyewe, halafu zile kubwa sita, nyutonimita 34 (kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu ndogo zote, 20. Kwenye nyutonimita 10 krenki ilizunguka. Kwenye 20 ikawa nzito. Nikaongeza robo mzunguko, ikagoma kabisa.

Mdogo wangu akaniambia, "Kaka si mpya hiyo, kaza tu itajikalia ikitembea." Na kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka usiku ule, na silikoni inaanza kukauka, hilo neno lilikuwa tamu. Nilisimama nimeshika spana pengine dakika tano nzima. Halafu nikaanza kulegeza.

Tulipofungua nikaitoa metali namba 3 nikaigeuza. Nyuma yake, pembeni ya tundu kama milimita mbili hivi, kulikuwa na shimo jipya la duara, safi kabisa, kama mtu kagonga kwa pini na nyundo. Pini haikuingia kwenye tundu, ilikaa kwenye mgongo wa metali na nati sita zikaikandamiza hadi ikabonyea kwa ndani. Ukipitisha kidole upande wa ndani unakisikia kile kinundu. Ningewasha hivyo, oili isingepita pale, na krenki iliyotoka kukerezwa ingekwaruzika ndani ya dakika za kwanza. Metali zile hazikufaa tena, nikaagiza seti nyingine, nikasubiri wiki tatu huku bloku imefunikwa na shuka.

Zilipokuja nilifanya kitu ambacho kila anayefungua hii injini akifanye kabla ya kingine chochote. Krenki ikiwa haipo, unaweka kila pete tupu kwenye kikalio chake, unaizungusha hadi pini iingie kweli, halafu unachora mstari kwa ncha ya msumari kwenye pete pale inapokutana na ukingo wa bloku. Unatoa, unavalisha kwenye krenki, unaiteremsha, na sasa huhitaji kusikilizia, unaangalia mstari umekaa ukingoni au haujakaa. Dakika kumi. Mara ya pili nati zilifika 34 na krenki ilizunguka kwa vidole viwili, nzito kiasi, laini, bila kukwama popote kwenye mzunguko mzima. Tuliizungusha sana usiku ule, zaidi ya ilivyohitajika.

Kinachofuata ni mwendo wa krenki mbele na nyuma, na hapa wengi wanakisia. Inatakiwa 0.07 hadi 0.13 mm, na inatengenezwa kwa shimu (pete nyembamba) tatu nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki, lazima ziwe tatu. Unaweka mbili kwanza bila sili ya oili, unafunga flaiwili, unapima kwa dayo geji, ile saa ya kupimia mwendo mdogo. Mimi nilipata 0.42. Unatoa 0.10 ambayo ndo unayoitaka, inabaki 0.32, hiyo ndo shimu ya tatu. Halafu ile nati kubwa ya katikati ya flaiwili, soketi ya 36, inataka karibu nyutonimita 340, yaani bomba refu juu ya spana na mtu mwingine kashikilia injini isigeuke.

Pistoni na silinda zake zinakuja seti, mshale wa juu ya pistoni unaelekea flaiwili. Ringi unaiingiza tupu ndani ya silinda unapima mdomo wake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), 0.30 hadi 0.45, usivalishe bila kupima hata kama ni mpya. Silinda hedi zangu zilichongwa viti na kuwekwa gaidi mpya (mirija inayoongoza valvu), valvu za egzosi zote nne mpya, siyo ya namba 3 peke yake. Yale mabomba ya pushi rodi (fimbo zinazosukuma valvu) yenye mikunjo miisho yake unayavuta kidogo yafike milimita 190 hivi kabla ya kuweka hedi, ili hedi ikikazwa yabane sili vizuri, mshono uwe juu, la sivyo oili itadondoka chini ya gari maisha yote. Nati za hedi zinapita raundi mbili, kwanza 10 kwa mpangilio mmoja, halafu 32 kwa mpangilio mwingine. Mabati yote yamerudi. Nilitafuta yale mawili ya chini kwa miezi miwili, na raba mpya pande zote, na hiyo ndo sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko krenki yenyewe, kwa sababu ndo iliyokuwa chanzo.

Siku ya kuwasha tulitoa plagi zote kwanza. Unapiga selfu bila plagi, injini inazunguka bila mzigo, pampu inajaza oili kwenye njia zake. Tulihesabu. Sekunde kumi, pumzika, kumi tena. Kwenye mara ya nne taa ya oili ikazima ikiwa selfu tu ndo inazungusha, na mimi ndo hapo nilipokaa chini, siyo injini ilipowaka. Tukarudisha plagi, waya kwa mpangilio wa 1-4-3-2, ikawaka mara ya pili. Usiiache sailensi ikiwaka mara ya kwanza, ishike mizunguko 2000 kwa dakika kama dakika 20, oili yenye zinki, kamshafti mpya na tapeti zipate kukaa. Mama alitoka ndani akasimama mlangoni muda wote huo. Hakusema kitu, alisikiliza.

Juzi nimefika kilomita 500, nikamwaga oili. Beetle haina filta, ina chujio la waya tu chini, unalifungua kwa nati sita ndogo, na oili yote ni lita 2 na nusu kwa hiyo hakuna pa uchafu kujificha. Kwenye waya kulikuwa na kipande kidogo cha silikoni iliyokauka, na sumaku ilishika unga mwembamba wa kijivu, ule wa ringi kukaa, hakuna hata punje moja ya kung'aa. Nikapima valvu, injini baridi, egzosi namba 3 kwanza. Fila geji ya 0.15 ikapita kwa kukwaruza kidogo, vilevile kama nilivyoiacha.